Nyavu Tupu na Kusudi la Mungu

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutafakari pamoja nanyi jambo lililo gumu kwa kila Mkristo, nalo ni hili: namna ya kumtumaini Mungu wakati mambo yanapotuendea vibaya, na kazi ya mikono yetu isipofanikiwa.

Twaanza na Mwamgongo, kijiji kilichoko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Kigoma, kaskazini ya hifadhi ya Gombe. Nyuma yake iko milima mikali, mbele yake maji, na safari nyingi za watu wake ni za mashua. Watu wa ufuko ule hutazamia sana dagaa na migebuka. Wavuvi hutoka usiku wa giza pamoja na taa zao. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, kwa kuwa samaki hawaifuati taa. Asubuhi dagaa huanikwa juani.

Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, uvuvi ulifungwa ziwani upande wa Tanzania, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Sababu hiyo ilikuwa njema, na siku ya kufunguliwa ilijulikana. Walakini sababu njema haipikwi chunguni, wala mzazi hawezi kuwalisha watoto wake leo kwa samaki wa mwakani.

Basi, ikiwa shida yenye sababu inayojulikana ni nzito namna hii, tusemeje juu ya shida ambayo hatuioni sababu yake, wala hatuujui mwisho wake? Hapo ndipo imani hujaribiwa. Twaona vyema kuitazama habari ya watu waliojaribiwa hivyo katika ziwa hili hili.

Mwaka 1877 wamisionari wa chama cha misheni cha London walifunga safari kutoka pwani kwenda Ujiji. Walikusudia kuchukua mizigo yao kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mbung'o wakawauma maksai, maksai wakafa, na shauri lile likavunjika. Baadhi yao, miongoni mwao Thomson na nahodha Edward Hore, wakafika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Mwezi uliofuata Thomson akafa. Mwenzao Dodgshun, aliyechelewa njiani kwa taabu nyingi, akafika mwisho wa Machi 1879. Kabla ya siku kumi kwisha, naye akazikwa. Katibu wa chama, Joseph Mullens, akatoka Uingereza kuja kuwasaidia. Mwezi wa Julai mwaka ule akafa njiani, asilione ziwa.

Tafakarini jambo hili, wasikilizaji. Watu hawa hawakwenda kutafuta pembe wala mali. Waliomba kabla ya kuondoka, na wenzao wakawaombea. Kama kufanikiwa upesi kungekuwa ndiyo dalili ya kibali cha Mungu, ingetupasa kusema kwamba Mungu hakuwakubali. Lakini Mkristo hawezi kusema hivyo, maana Bwana wake mwenyewe aliachwa na rafiki zake, akafa msalabani.

Hore alibaki. Akalizunguka ziwa kwa mashua, akaandika ramani ya fuko zake, akafanya urafiki na watu. Mwaka 1883 mashua ya chuma iliyoitwa Morning Star, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani kwa nguvu za wapagazi, ikaelea majini Ujiji. Hata hivyo misheni ile haikuota mizizi Ujiji, na baadaye kazi ikahamia ncha ya kusini ya ziwa, katika nchi iitwayo leo Zambia. Huko Niamkolo wakajenga kanisa la mawe katika miaka ya 1890, na magofu yake yangaliko. Wakristo waliotokana na kazi ile waliingia katika United Church of Zambia, iliyoundwa mwaka 1965. Thomson na Dodgshun hawakuyajua hayo. Walilima shamba moja, na mavuno yakaonekana katika shamba jingine, wao wakiwa wamekwisha kulala.

Mapadre Weupe nao walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Wengine wao wakaenda kukaa Rumonge, katika Burundi ya leo, upande wa kaskazini wa ufuko huo huo wa Mwamgongo. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre wawili na msaidizi wao waliuawa huko, na misheni ikafungwa. Walakini shirika lao halikuliacha ziwa. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, kusini ya Kigoma, na mwaka 1889 akafika huko mganga kijana, jina lake Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alinyakuliwa na watu wa biashara ya utumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria, na baadaye wakampeleka Malta kusoma uganga. Kutoka huko akaja Karema, akatibu wagonjwa hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 alikaa pale, wala hakurudi kwao.

Je, tuseme kwamba Mungu alipenda mtoto yule aibwe, na mama yake alie? Hasha! Uovu ni uovu, na aliyeutenda atatoa hesabu yake. Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, hakusema kwamba walifanya vema. Alisema kwamba Mungu alikuwa na nia nyingine katika jambo lile lile walilolitenda kwa ubaya. Ndivyo tunavyofahamu na habari ya Atiman. Wanadamu walimfanya bidhaa. Mungu hakukubali kwamba neno lao liwe la mwisho juu yake.

Katika habari hizi twaona mambo matatu. La kwanza, kumtumaini Mungu si kuyaita mabaya mema. Mwenye msiba na alie, na mwenye kudhulumiwa na adai haki yake. Zaburi zimejaa kilio cha watu waliomwuliza Mungu kwa nini, na Mungu hakuwafukuza mbele yake.

La pili, kumtumaini Mungu si kukaa kitako kungoja maelezo. Hore hakuambiwa sababu ya vifo vya wenzake, alipima ufuko. Atiman hakupewa hesabu ya miaka aliyoibiwa. Alifunga vidonda vya mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Wavuvi wa Galilaya nao walikuwa wamekesha bure, na Bwana alipowaagiza kuzishusha nyavu tena, hakuwaeleza kwanza kwa nini usiku ule ulikuwa mtupu. Mara nyingi twapewa kazi ya leo kabla ya kupewa sababu za jana, na pengine sababu hizo hatutapewa katika maisha haya.

La tatu, neno la kusudi la Mungu ni rahisi kinywani mwa mtu aliyeshiba. Tusimwambie jirani ambaye nyavu zake ni tupu kwamba Mungu ana shauri lake, kisha tukafunga mlango wetu. Kama tunaliamini neno hilo kweli, na tumpelekee kibaba cha unga pamoja nalo. Huenda sisi wenyewe ndio tuliowekwa kuwa sehemu ya shauri lile la Mungu kwake, na tukijizuia twalichelewesha.

Wasikilizaji wetu, wako miongoni mwenu usiku huu waliofiwa, wako wagonjwa, wako waliopoteza kazi au chombo chao. Hatuna sababu ya kuwapa. Twawaomba jambo moja tu: kesho kukicha, fanyeni ile kazi ndogo iliyo mbele yenu, na mkimwona jirani amechoka kuliko ninyi, mshikeni mkono. Mungu na awatie nguvu. Kwaherini.