Sindano Isimrudie Mwuguzi



Kumlinda mgonjwa twajua: dawa yake, kipimo chake, sindano mpya kwa kila mtu. Lakini sindano iliyokwisha tumika yaweza kukuletea wewe homa ya ini au Ukimwi. Basi usiirudishie kifuniko. Itie mara moja katika sanduku gumu, nalo lifungwe likijaa robo tatu.

Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, upige ripoti saa ile ile. Dawa za kuzuia Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Ripoti iandikwe, kwani Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yataka mwajiri apewe habari.

Sanduku likikosekana wadini, tulidai kwa umoja. Hilo si hisani, ni chombo cha kazi.