Mbegu Isiyoota Tena: Yaliyo Kweli na Yanayodhaniwa

Maelezo kwa wakazi wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke



Wengi wenu, kuanzia Bunju na Mabwepande hadi Chamazi na Toangoma, mna vipande vya ardhi mnavyopanda mahindi masika yanapokaribia. Kila tunapozungumzia mbegu, swali moja hurudi: je, ni kweli kwamba mbegu za dukani zimefungwa kitaalamu ili punje zake zisiote tena, nasi tulazimike kununua kila msimu? Swali hilo linagusa fedha na chakula cha kaya, nasi tunapenda kulijibu kwa ukamilifu.

Ndani ya mmea mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Si kila agizo hutekelezwa wakati wote. Jeni ya rangi ya ua haina kazi mzizini. Kila jeni ina kipande kinachofanana na swichi ya taa, ambacho huamua jeni hiyo iwake wapi, lini na kwa kiasi gani. Mtaalamu wa uhandisi jeni anapotia jeni ngeni katika mmea, hulazimika kuchagua na swichi yake.

Mwezi Machi 1998, kampuni ya Delta and Pine Land na Wizara ya Kilimo ya Marekani zilipata hataza ya njia ya kuongoza swichi hizo. Jeni yenye uwezo wa kuua kiini cha mbegu ingewekwa katika mmea ikiwa imefungwa. Kabla ya kuuzwa, mbegu ingetiwa dawa ya kuanzisha ufunguaji wake. Mkulima angepanda na kuvuna kama kawaida, lakini jeni hiyo ingewaka punje mpya zinapokomaa, nazo zisingeota tena. Wapinzani waliiita Terminator.

Malalamiko yalienea duniani. Oktoba 1999 kampuni ya Monsanto iliahidi kutoiingiza sokoni teknolojia ya mbegu tasa. Mei 2000, nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikutana Nairobi na kupendekeza kwamba mbegu za namna hiyo zisiidhinishwe hata kwa majaribio ya shambani, mpaka kuwe na ushahidi wa kutosha wa kisayansi. Msimamo huo ulithibitishwa tena mwaka 2006 huko Curitiba, Brazili. Mbegu hizo hazijawahi kuuzwa kwa wakulima.

Hapa nchini, mahindi ya uhandisi jeni yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016. Yalitiwa jeni ya bakteria ili yavumilie ukame, si jeni ya kuzuia punje kuota. Novemba 2018 Serikali iliagiza majaribio hayo yasitishwe. Hakuna mahindi ya uhandisi jeni yaliyoruhusiwa kuuzwa kama mbegu kwa wakulima wa Tanzania.

Kwa nini basi punje mlizotunza huwaangusha? Mara nyingi ni kwa sababu mlinunua chotara. Chotara huzaliwa kwa kuoanisha mistari miwili au zaidi ya wazazi waliochaguliwa. Punje zake huota, lakini kizazi cha pili hutawanyika: mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, na mavuno hupungua. Hiyo ni tabia ya urithi, wala si kufuli. Na punje zisipoota kabisa, chunguzeni kwanza fukusi, dumuzi, unyevu na muda zilizokaa ghalani.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji: hii ni chotara, au ni mbegu ya uchavushaji huria kama Staha, TMV-1 na Situka? Hizi za pili mnaweza kuzitunza na kuzirudia kwa misimu kadhaa, mkichagua magunzi bora kutoka katikati ya shamba.

Pili, nunueni mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya Serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Someni aina, tarehe na kiwango cha uotaji. Msinunue mbegu za kupimiwa kwa kopo.

Tatu, rangi nyekundu au ya kijani juu ya mbegu si alama ya uhandisi jeni. Huashiria dawa ya kuzuia wadudu au ukungu. Mbegu hizo zisiliwe, zisisagwe, wala zisipewe kuku.

Nne, funikeni punje 100 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba, kisha hesabuni zilizoota. Ni afadhali kupoteza punje 100 kuliko kupoteza masika.

Tano, dai risiti na utunze mfuko mpaka mavuno. Mkiuziwa mbegu bandia, risiti na mfuko ndivyo vitakavyowasemea mbele ya TOSCI au Tume ya Ushindani.

Ndugu zetu, hofu iliyoelekezwa pasipo pake humnufaisha mwuza mbegu bandia, kwa kuwa mnunuzi aliyeuziwa mahindi ya kula kama mbegu hudhani amefungiwa jeni, akanyamaza. Msinyamaze.