Kura Isafiri Bila Mwenyewe?



Tangu asubuhi nasikia neno moja kila meza: mwaka 2028 tuidai Ceni, tume ya uchaguzi ya Kongo, ituruhusu kupiga kura kwa posta. Hasira yenu naielewa. Desemba 2023 Wakongo wa ng'ambo walimpigia rais kura kwa mara ya kwanza, ila katika nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Sisi wa Ujerumani tulibaki kutazama simu. Hata hivyo, bahasha siiungi mkono.

Mtaniambia, mbona Wajerumani wanaiamini? Kweli, mwaka 2021 karibu nusu ya wapiga kura wao walipitia posta. Lakini hapa manispaa inajua kila mtu analala wapi. Ukihama unakwenda kujiandikisha. Kwetu Kongo sensa ya mwisho ilifanyika 1984. Kwetu Kamina, barua hupewa mtu anayepanda treni. Na sisi wenyewe, tunaohama mji hadi mji tukifuata kazi, ubalozi una anwani za wangapi? Bahasha ikifika nyumba uliyokwisha kuhama, atakayeifungua ni nani?

Tena wizi wa kura za posta hauhitaji utaalamu. North Carolina, mwaka 2018, mtu wa kampeni alilipa watu wapite majumbani kukusanya kura za posta. Mgombea wake alikuwa anaongoza kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ilikataa matokeo, watu wakarudia uchaguzi 2019. Hiyo ni Marekani, yenye wachunguzi na mahakama.

Sasa tazameni kwetu. Januari 2024 Ceni yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni watu kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Ikiwa mashine nzima iliweza kutoka mikononi mwa Ceni, bahasha itazuiwa na nini?

Kinachoniumiza zaidi ni siri ya kura. Kituoni, mjomba, mchungaji na mwenyekiti wa chama hubaki nje, nawe unaingia peke yako. Nyumbani karatasi inajazwa mezani, mbele ya aliyekupa nauli mwezi uliopita. Tunajuana, tusidanganyane: wapo ambao wangekusanya bahasha za ukoo mzima na kuita hiyo heshima.

Halafu kuna kadi ya mpiga kura. Mnakumbuka kadi za 2023 zilivyofifia hadi jina na picha vikapotea? Mtu aliyesimama kituoni aliweza kutafutwa kwenye orodha na kujieleza. Bahasha haijielezi.

Ndugu zetu Wakenya, mwaka 2022 nchi yenu iliwapa raia wake nafasi ya kupiga kura kituoni hapahapa Ujerumani, watu wakaenda kwa miguu yao. Hicho ndicho tunachopaswa kudai: vituo, mashahidi wa vyama ndani, na matokeo yabandikwe ukutani kura zikishahesabiwa. Najua aliye München atalalamikia nauli ya Berlin, na ana haki. Ndiyo maana kituo kimoja hakitoshi.

Kwa hiyo, kabla ya kula, kila mmoja ampe katibu jina la mji anaoishi. Chama chako usikitaje. Ubalozini tutapeleka hesabu: wangapi Köln, wangapi Hamburg, wangapi München. Wakisema ni wachache, watuambie idadi inayotosha kufungua kituo.