Nendeni na Chupa: Nasaha kwa Wazazi wa Mpakani



Hapa Busia, bidhaa huvuka mpaka pamoja na watu. Miongoni mwazo ni mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu, ambazo mara nyingi hupimwa kwa rejareja na kutiwa katika chupa za soda. Mtu mzima anajua kilichomo. Mtoto wa miaka miwili huona soda tu.

Zijueni dalili. Aliyekunywa mafuta ya taa hukohoa, hupaliwa, hupumua kwa kasi, na kinywa chake hunuka mafuta. Aliyepatwa na sumu ya wadudu aghalabu hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho yake husinyaa, misuli hutetemeka na pumzi humpungukia. Sumu hii hupenya hata kwenye ngozi.

Likitokea hilo, msimtapishe mtoto. Mafuta yakipanda huingia mapafuni na kuyadhuru. Msimlazimishe kunywa maziwa, kwa maana hayaondoi sumu, bali hupoteza wakati. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Akizimia huku anapumua, mlazeni ubavu. Mkimbizeni hospitali hata akionekana mzima, kwa kuwa madhara mengine hujitokeza baada ya saa kadhaa.

Tena nendeni na chupa. Najua kinachowazuia wengine: dawa ilipita njia ya panya, na mzazi anahofu kuulizwa. Basi huificha chupa, akasema mtoto ana malaria. Ndugu zangu, atropini huwaokoa waliodhuriwa na baadhi ya sumu za wadudu, lakini haimfai aliyekunywa mafuta ya taa. Ukimficha daktari sumu, umemnyima mwanao tiba. Askari anayekutana na mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa, wajibu wake wa kwanza ni kumfungulia njia. Kwa upande huu wa Uganda, pigeni 999 au 112.

Jioni ya leo, kila mmoja atazame uvunguni na nyuma ya mlango. Sumu ikae katika chombo chake chenye maandishi, juu, chini ya kufuli. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusikubali aumbuliwe mtoto asiyeficha kitu.