Nyumba Tunamoimbia Ni ya Nani?

Hotuba ya mwenyekiti mstaafu wa kwaya katika ibada ya jubilii ya miaka 50, Mogogosiek

  

 

Nilipewa dakika kumi na tano nieleze historia ya kwaya. Historia hiyo mtaikuta katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, pamoja na picha ambayo nina nywele kichwani. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niseme jambo moja ambalo kamati ya jubilii imelijadili kwa miezi na bado halijaisha. Ni habari ya kanisa letu la zamani, lile la mbao na mabati pale chini, lenye kengele ya rimu ya lori.

Mnajua hali yake. Nguzo za upande wa mto zimeliwa na mchwa. Paa linavuja mahali pale pale walipokuwa wakisimama waimbaji wa besi. Sisi tunataka lisibomolewe. Tunataka liwe ukumbusho wa waliotutangulia, watoto waingie waone mahali wimbo ulipoanzia. Sasa imekuja ahadi. Tumeambiwa tukikubali, litatafutwa fungu la pesa za umma, jengo litengenezwe vizuri, na mlangoni pawekwe kibao chenye jina la mfadhili. Nusu ya kamati inasema tupokee, Mungu amejibu maombi. Nusu inasema hapana. Mimi nimekuwa pande zote mbili, wakati mwingine katika kikao kimoja.

Wapendwa, Biblia haikunyamaza juu ya jambo hili. Abrahamu alipofiwa na Sara, Wahiti walikuwa tayari kumpa mahali pa kuzikia bure. Alikataa. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni, ndipo akazika. Daudi naye alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna, mwenye uwanja alimpa kila kitu, ng'ombe na kuni pia. Daudi akalipa shekeli 50. Hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu.

Lakini tusisome upande mmoja tu. Katika kitabu cha Ezra, hekalu la Yerusalemu lilijengwa upya kwa gharama ya hazina ya mfalme Koreshi, na Koreshi hakuwa Myahudi. Hizo zilikuwa pesa za serikali. Na liwali Tatenai alipokuja kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa, Wayahudi hawakupigana naye. Liwali mwenyewe ndiye aliyeomba kumbukumbu zitafutwe, na gombo likapatikana, limeandikwa hata vipimo vya nyumba. Maandishi ndiyo yaliyoliokoa hekalu. Kwa hiyo swali langu leo si kama pesa ya serikali ni najisi. Swali langu ni kama tuna gombo.

Niwaambie mambo mawili yaliyotupata sisi wenyewe. Vijana hamyajui, na wazee hatupendi kuyakumbuka.

La kwanza ni la vyombo. Miaka mingi iliyopita tulipewa kinanda na spika mbili kubwa na mtu aliyekuwa akitafuta kura. Jina lake lilipakwa rangi kwenye kila spika. Tulimwimbia, tulimwombea, akina mama wakampa mursik. Uchaguzi ulipokwisha na kura zikakataa, jumanne moja pikapu iliingia hapa. Walivichukua vyote, hata waya. Jumapili iliyofuata tuliimba bila chombo, na sauti ya tatu ilipotea kabisa. Hatukuwa na karatasi yoyote. Tungesema nini?

La pili ni la ardhi, na hilo lilikuwa zito zaidi. Mzee aliyetupa kiwanja hiki alitupa kwa mdomo, kwa moyo safi, akakanyaga mpaka kwa miguu yake. Alipolala, watoto wake wakaanza kugawana shamba. Mpimaji alipokunjua ramani, kanisa halikuwepo. Tulikuwa tumeimba miaka mingi juu ya majani ya chai ya mtu mwingine! Kilichotuokoa ni mama wa boma lile, ambaye alisimama mbele ya wanawe akasema neno la baba yao halitaliwa. Mwaka ule waimbaji walitoa sehemu ya bonasi ya chai kumlipa mpimaji na ada za ofisi. Wengine walikuwa na karo ya kulipa, wakatoa hata hivyo. Leo hati miliki ipo, kwa jina la wadhamini wa kanisa. Nawaomba mjue kwamba karatasi ile ilinunuliwa kwa vidole vya wachuma chai.

Sasa nije kwa nchi yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya serikali. Kifungu cha 201 kinataka pesa za umma zitumike kwa uwazi na uwajibikaji. Na sheria ya NG-CDF inakataza waziwazi fedha zake kusaidia mashirika ya dini au shughuli za dini. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba fungu la eneo bunge litajenga madhabahu, muulize kwa upole atalipitisha mlango gani. Jirani yetu wa dini nyingine hulipa kodi ileile tunayolipa sisi. Masingasinga wana hekalu lao pale Kericho mjini, Waislamu wana misikiti yao. Kodi yao ikitengeneza paa letu, wana haki ya kuuliza wamepata nini.

Swali hili limeitikisa nchi nzima. Mnamo Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini makanisani. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa michango ambayo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Nairobi. Wanakwaya wenzangu, sikilizeni vizuri: kati ya michango hiyo zilikuwemo shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa utume. Kwaya iliguswa moja kwa moja. Najua wapo kati yetu waliosema askofu alikosea, na wapo waliopiga makofi. Mimi nilifikiria wale waimbaji. Pengine walikuwa wameshapima sare.

Halafu Julai 2025 ikaja habari ya kanisa linalojengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi. Rais alisema atalijenga kwa pesa zake mwenyewe. Jambo hilo lilifika mahakamani. Sitaki kuhukumu, maana huyo ni mwana wa kwetu na mahakama zipo. Nataka tujifunze tu. Hata kama pesa ni za mtu binafsi, ardhi ni ya umma. Mwenye nyumba akihama, nani atashika ufunguo? Ni swali lile lile la spika zetu, ila kubwa zaidi.

Je, pesa ya umma na nyumba ya ibada haziwezi kukutana kwa haki? Zinaweza. Nendeni Zanzibar, Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, tena mahali palepale pa soko. Kuta zilipoanza kuharibika, Umoja wa Ulaya ulitoa pesa za kulikarabati kupitia shirika la World Monuments Fund. Lakini kanisa liliendelea kuwa la Waanglikana, na ibada ziliendelea. Kilichobadilika ni kwamba pamewekwa maonyesho yanayoeleza historia ya utumwa, na mtu wa dini yoyote anaingia na kujifunza. Pesa ya umma ililipia kitu ambacho umma unakipata. Huo ndio mfano wa haki.

Mfano wa upande wa pili ni Gedi, karibu na Malindi. Msikiti mkuu wa pale unatunzwa vizuri na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Serikali inastahili pongezi. Lakini watu wa mji ule waliondoka karne nyingi zilizopita. Serikali inaweza kutunza mawe. Haiwezi kutunza usharika. Tukiwaachia wengine kila kitu, jengo letu linaweza kusimama miaka mia likiwa zuri na kimya.

Na msifikiri kwamba kazi huisha jengo likizinduliwa. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu pale Kericho lilifunguliwa mwaka 2015, linachukua watu kama 1,500, na wageni hutoka mbali kuliona. Wajukuu wetu wataliita la kale. Siku hiyo paa litahitaji vigae vipya, na mtu atalazimika kulipa. Anayelipia paa kila mara ndiye mwenye nyumba, hata kama kibao kina jina lingine.

Basi naomba jubilii hii iazimie mambo matatu.

Kwanza, kanisa la zamani lisiguswe na mfadhili yeyote, awe mkubwa au mdogo, kabla ya makubaliano ya maandishi yanayosema pesa imetoka wapi, jengo linabaki la nani, na nani atalitunza. Yasomwe mbele ya ushirika, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, hata shosho aliyeketi nyuma aelewe.

Pili, kama ni pesa ya umma, iingie kwa mlango wa urithi na iwe na faida kwa umma. Tuweke humo picha, kengele, vitabu vya nyimbo vya kwanza na majina ya wachuma chai waliojenga. Shule zote za hapa zije, bila kuuliza mtoto anasali wapi. Kama mlango huo haupo, tuseme asante na tukatae kwa heshima.

Tatu, tuanze wenyewe. Mimi nimetoa bonasi yangu ya mwaka huu kwa nguzo mbili za upande wa mto. Sisemi hivi nijisifu, mke wangu ndiye aliyekubali na ndiye anayejua tutakula nini. Nguzo zilizobaki ni sita. Mwenye kilo zake, mwenye mbao, mwenye mikono tu, aje Jumamosi na nyundo. Na kuhusu kibao cha mlangoni, naomba pasiandikwe jina la aliye hai hata mmoja.

Wale waliolijenga mara ya kwanza hawakuwa na fungu la serikali wala mfadhili. Walikuwa na mbao za kuazima na sauti nne. Wengi wao wamelala. Kesho wakituuliza nyumba ile tuliiacha mikononi mwa nani, nataka tuwe na gombo la kuwaonyesha.

Mwalimu wa kwaya ameniangalia mara mbili.