"Mambo?": Simu na Vijana Waliopona Saratani Utotoni



Mwaka jana kijana wa miaka 20, dereva wa bodaboda, alikuja kliniki akilalamika mgongo. Alipovua shati niliona kovu refu lililokatiza tumbo. Nikamuuliza ni la nini. "Nilipasuliwa nikiwa mdogo, dokta. Nilikuwa na uvimbe." Zaidi ya hapo hakujua kitu. Tukampigia mama yake. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nizime spika. Ilikuwa saratani ya figo. Figo moja iliondolewa akiwa na miaka 5, na akapewa dawa nyekundu ya saratani. Huko alikotibiwa, faili halikuonekana tena. Naye, kwa ajili ya mgongo, alikuwa akimeza diklofenaki za duka la dawa karibu kila siku, dawa ambayo mwenye figo moja hutakiwa kuikwepa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ila dawa nyekundu, doksorubisini, inayomponya mtoto leo inaweza kudhoofisha msuli wa moyo wake miaka mingi baadaye. Aliyepokea jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya mwili anatakiwa kupimwa moyo kwa eko kila baada ya miaka 2. Sisplatini nayo huharibu masikio. Daktari asiyejua kijana alipewa nini, na kiasi gani, anabahatisha.

Ulaya wametengeneza pasipoti ya kielektroniki ya manusura, yenye muhtasari wa matibabu na vipimo vya kufuatilia. Kwetu muhtasari huo unaenea kwenye meseji tatu za kitochi: ugonjwa, dawa na jumla ya dozi, kiungo kilichotolewa, kipimo kijacho. Nasema kitochi makusudi. Programu inayotaka simujanja na bando la kila siku itawaacha nje wale wale tunaowatafuta.

Somo kubwa zaidi nimelipata Kenya, kwa watu wanaoishi na VVU. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, walioanza ARV walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", na aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Waliosema wanatumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa meseji. Litazameni neno lenyewe. Halitaji ugonjwa wowote. Mchumba akiishika simu hiyo, hakuna siri iliyotoka. Na nyuma ya neno hilo yuko mtu. Mtu huyo asipokuwepo, msinunue mtambo wa kutuma meseji.

Kuna jambo dogo linalonikosesha usingizi. Namba iliyoandikwa kwenye faili la mtoto ni ya mama au baba. Mtoto anakua, anapata laini yake, anahamia mjini, nasi tunaendelea kumpigia mama. Naomba kila wodi ya saratani ya watoto iwe na siku ya kukabidhi namba. Mzazi, daktari na kijana wakae pamoja, ugonjwa utajwe kwa jina lake, ndipo rekodi iingie kwenye simu yake. Neno "saratani" alisikie kwanza kwa mtu anayempenda, asilikute kwenye kioo cha simu akiwa kijiweni anasubiri abiria.

Kijana wa bodaboda aliambiwa hivyo, na mama yake, mezani kwangu. Diklofenaki ameacha. Muuguzi humwandikia kila mwezi. Mwezi uliopita alijibu "Shida". Alipopigiwa, ikawa pikipiki imekufa injini, hesabu ya bosi anadaiwa, na nauli ya kuja kupimwa eko hana. Wakapanga siku nyingine.