Mahabusu Angojaye Kusikilizwa



Ndugu wasikilizaji wapendwa, na hasa ninyi makatekista mtakaolirudia neno hili katika jumuiya ndogondogo za Kitahana na katika vigango vya Kibondo na Kasulu:

Dominika ya Kristo Mfalme inatuletea Injili ya Mathayo sura ya 25, ambamo Mwana wa Mtu anaketi kuyahukumu mataifa. Tunapofika kwenye habari ya mfungwa, wengi wetu tunaisoma kwa haraka. Mwenye njaa tunamfahamu, mgonjwa tunamfahamu. Mfungwa tunamtazama kwa shaka, tukisema moyoni kwamba hakupelekwa kule bure. Lakini tukumbuke jambo moja la historia. Katika dola ya Warumi gereza halikuwa hasa mahali pa kutumikia adhabu. Adhabu ilikuwa kifo, viboko, faini, uhamisho, au kazi ya machimboni. Gerezani aliwekwa mtu aliyengoja kusikilizwa, au aliyengoja hukumu yake itekelezwe. Basi huyo anayetajwa na Bwana, kwa sehemu kubwa, ndiye tunayemwita leo mahabusu.

Mtume Paulo alikuwa mmoja wao. Someni Matendo ya Mitume sura ya 24. Liwali Feliki aliisikiliza kesi kule Kaisaria, kisha akaiahirisha, akisema anamngoja jemadari Lisia aje. Yeyote aliyewahi kukaa katika benchi la mahakama ataitambua sauti hiyo. Kwetu husemwa kwamba upelelezi haujakamilika. Ikapita miaka miwili. Mtakatifu Luka hakuficha sababu: liwali alitumaini kupewa fedha, na alipoondoka madarakani alimwacha Paulo kifungoni ili awapendeze watu. Rushwa, na kutafuta sifa mbele ya umma. Sijaona kwamba sababu hizo mbili zimezeeka.

Sheria ya nchi yetu haikuliacha jambo hili gizani. Katiba ya mwaka 1977, kwa mabadiliko ya 1984 yaliyoingiza haki za binadamu, inakataza katika ibara ya 13 mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inadai aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 148, inataja makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kifungu hicho kimebishaniwa sana. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilibatilisha sehemu yake moja kwa kuwa ilikuwa pana mno, hata iliweza kumnasa mtu asiye hatari kwa yeyote. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba orodha nzima inapingana na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na orodha ikabaki. Kwa hiyo mtu akishtakiwa kwa mauaji, hata kama ametajwa kwa chuki ya mpaka wa shamba au kwa uvumi wa uchawi, atangoja ndani. Na kwa miaka mingi kungoja huko kwa watu wa kwetu kulimaanisha kungoja kikao cha Mahakama Kuu ya Kanda ya Tabora.

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, Padre, na sisi tuliolia? Swali hilo ni la haki. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, ndugu zetu walivuka mpaka kwa maelfu kwa maelfu, na nyuma yao zikavuka bunduki. Mabasi yalitekwa katika mapori yetu, watu wakauawa kwa ajili ya fedha za mahindi. Anayetetea haki ya mshtakiwa bila kumkumbuka mjane wa barabarani hajaisema haki yote. Mpaka uko karibu. Mshtakiwa mwenye bunduki iliyofichwa na ndugu ng'ambo anaweza kutoroka au kumtisha shahidi. Hakimu akimnyima dhamana mtu wa namna hiyo, akatoa sababu zake wazi, na kesi ikaenda mbele, mimi sitamlaumu. Ninachokataa ni mtu kushikiliwa bila hakimu kumtazama yeye mwenyewe na habari zake.

Tumeona matunda ya njia hiyo nyingine. Mwishoni mwa 1997, kwa jina la usalama, jeshi liliwakusanya wageni waliokaa vijijini mwa mkoa wetu na kuwapeleka makambini. Walikuwamo watu walioishi nasi miaka mingi, wengine wakiwa wameoa na kuolewa kwetu. Hakuna mmoja aliyeulizwa amefanya nini. Ilitosha kwamba alizaliwa ng'ambo.

Na Mei 1999, huko Kasulu, baada ya mwalimu mmoja Mtanzania kuuawa, wanaume wa upande wetu waliwashambulia na kuwabaka wanawake wakimbizi wa Burundi waliotoka kambini. Walisema wanalipiza kisasi. Wanaume kadhaa walikamatwa na kushtakiwa. Kesi ikafutwa, kwa sababu mwendesha mashtaka hakufika kwa wakati. Tafakarini hilo taratibu, ndugu zangu. Wale akina mama hawakuumizwa na haki nyingi za washtakiwa. Waliumizwa na uzembe ule ule unaomsahau mahabusu ndani kwa miaka. Ofisi inayochelewa humchelewea kila mtu.

Kuna usemi wa magazeti nisioupenda hata kidogo: "wananchi wenye hasira kali". Husemwa kama vile hasira ndiyo iliyoshika mawe. Walioshika mawe wana majina, na baadhi yao huja kukomunika.

Sasa nataja mambo machache yaliyo mikononi mwetu. Dhamana ya polisi haiuzwi; anayedaiwa fedha ya kuipata anadaiwa rushwa. Mahakama ikitaka wadhamini, mara nyingi hutaka watu wenye barua ya mtendaji wa kijiji na mali inayoonekana. Mkulima mwenye shamba la mihogo lisilo na hati hukwama hapo, na mkimbizi asiye na jamaa hukwama zaidi. Jumuiya inaweza kukaa na kuuliza: ni nani kati yetu atamdhamini kijana huyu tunayemjua tangu ubatizo, naye ahakikishe anarudi siku ya kesi? Vivyo hivyo, aliyeona tukio aende kutoa ushahidi, hata kama nauli ni ngumu na shamba linamngoja; jumuiya imchangie nauli hiyo. Shahidi asipofika, aliyeibiwa hapati haki, wala aliyesingiziwa hatoki.

Mnaokwenda gerezani kuwatembelea, chukueni sabuni, na mwombe kibali mapema. Msimwulize mahabusu kama alitenda kosa. Mwulizeni kesi yake itatajwa lini, na kama nyumbani wanajua aliko.